Kuchagua pawa saplai ya chaja ya lipo: anza hesabu kwenye betri

Juzi kijana mmoja alinitumia picha ya chaja yake mpya na swali moja tu: "Kaka, hii inachomekwa wapi?" Chaja nzuri ya betri za droni, ndogo kama pakiti ya sigara, kioo cha rangi, imeandikwa wati 300. Waya wa ukutani haukuwemo kwenye boksi. Nyuma kulikuwa na mdomo wa njano wa XT60, aina ya konekta ya kuchomekea waya nene, basi.

Hakuibiwa. Chaja nyingi za lipo (betri za lithiamu-polima, zile za droni) zinauzwa hivyo kwa makusudi. Haziwezi kula umeme wa ukutani. Zinataka umeme wa DC, ule wa namna ya betri, wa volti chache, na kazi ya kuupata umeme huo ameachiwa mnunuzi. Kifaa cha kazi hiyo ndicho pawa saplai. Zipo chaja zenye pawa saplai tumboni, kama iMAX B6AC, na kama yako ni ya namna hiyo na inakutosha, kanywe chai, mwongozo huu haukuhusu.

Kwa wengine wote, kosa ninaloliona kila mara ni kuanzia dukani. Mtu anaingia Kariakoo au Luthuli Avenue, anaomba "pawa saplai ya volti 12", anapewa, anafika nyumbani, chaja inawaka, inachaji dakika tatu kisha inazima. Hesabu inaanzia kwenye betri, inapitia kwenye chaja, ndipo inafika kwenye pawa saplai.

Hatua ya 1: Betri yako kubwa inataka wati ngapi

Chukua betri kubwa kuliko zote ulizonazo, au ile unayotarajia kununua mwaka huu. Soma namba mbili: idadi ya seli (ile S) na ujazo (mAh). Seli moja ya lipo ikijaa inafika volti 4.2. Kama lebo haisemi vinginevyo, chaji kwa 1C, yaani betri ya mAh 5000 unaipa ampea 5, ya mAh 1500 unaipa ampea 1.5.

Betri ya 6S 5000: seli 6 mara 4.2 ni volti 25.2, mara ampea 5 ni wati 126. Betri ya droni ndogo ya mbio, 4S 1500: volti 16.8 mara 1.5, wati 25 tu. Watu wawili wanaojiita warushaji, mmoja anahitaji mara tano ya mwenzake. Ndiyo maana ukiuliza "pawa saplai gani nzuri?" bila kutaja betri, anayekujibu anabahatisha.

Hizo ni wati zinazoingia kwenye betri. Chaja nayo ina lake. Lile joto unalolisikia ukiishika ni umeme uliopotelea njiani. Mimi huchukulia kwamba asilimia 85 ndiyo inayofika. Kwa hiyo 126 gawanya kwa 0.85, unapata 148. Halafu pawa saplai usiifanyishe kazi kwa nguvu zake zote muda wote: ibebe asilimia 80 ya uwezo wake, isizidi. 148 gawanya kwa 0.8 ni 185. Tafuta ya wati 200.

Ukichaji betri mbili za namna hiyo kwa pamoja kwenye ubao wa kuunganishia, hesabu inapanda hadi wati 370. Hapo jiulize kama kweli una haraka hiyo. Mimi nachaji nikiwa nimekaa meza hiyo hiyo nalehemu vitu vyangu, na kupunguza ampea ili betri ichukue saa moja na nusu badala ya saa moja hakujawahi kuniumiza.

Hatua ya 2: Soma mstari wa "Input" kwenye chaja

Geuza chaja, tafuta maandishi madogo. Kuna mambo mawili hapo, na watu husoma moja.

La kwanza ni volti inazokubali. iMAX B6 ya zamani, ambayo bado imejaa mitaani, inakubali volti 11 hadi 18. Chaja za sasa nyingi zinakwenda hadi 24, 28 au 30. Kuzidisha hapa hakuna msamaha. Adapta ya laptopu ya volti 19.5 inaonekana haina neno, lakini kwa B6 hiyo imeshavuka mpaka.

La pili ni ampea za kuingia, na hili ndilo linalowafanya watu waseme chaja yao ni feki. Chukua chaja iliyoandikwa wati 300 ambayo kikomo chake cha kuingia ni ampea 15. Ukiilisha volti 12, mara 15 ni wati 180, na humo bado hujatoa kile inachokula yenyewe. Hata ukiiwekea pawa saplai ya wati 1000 haitavuka hapo. Ukiilisha volti 24, mlango ule ule wa ampea 15 unapitisha wati 360, na zile 300 zinapatikana. Basi kama chaja yako inakubali volti 24 bila kubanwa, nunua ya 24. Ampea zinapungua nusu, waya hazichemki, na konekta za XT60 zinapumua.

B6 ya zamani ina hesabu yake rahisi zaidi: uwezo wake wa kuchaji ni wati 50 tu, uwe na betri ya aina gani. Gawanya kwa 0.85, unapata 59. Ile adapta ya kamera za CCTV ya volti 12 ampea 5 ni wati 60, yaani inafanya kazi ukingoni kabisa. Tafuta ya kuzidi ampea 6, ulale usingizi. Adapta ya ruta ya ampea 1 usiijaribu hata kwa utani.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kama mahitaji yako hayazidi wati 50 hivi na chaja inakubali volti 20 na zaidi, huenda pawa saplai unayo tayari: adapta ya laptopu iliyokufa. Ya volti 19 ampea 3.42 ni wati 65, ya volti 19.5 ampea 4.62 ni wati 90. Imefunikwa, haina mahali pa kugusa umeme mkubwa, na kwa mwanafunzi wa chuo mwenye betri za 3S 2200 ni suluhisho kamili, kwa sababu betri hiyo yote inataka wati 28 tu. Kata kichwa, tambua chanya na hasi kwa mita ya fundi, yaani multimita (usiamini rangi), lehemu XT60. Adapta nyingine zina waya wa tatu mwembamba wa kujitambulisha kwa laptopu. Ufunge kwa utepe uuache.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ni chaguo la mafundi wasiopenda kutoa hela. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi mmoja, inawaka, unachukua volti 12 kwenye waya za njano. Inafanya kazi, lakini soma lebo vizuri: ile "500W" kubwa ni jumla ya mistari yote, na mstari wa volti 12 pekee ukiukokotoa unaweza kukuta ni wati 216, yaani ampea 18. Za zamani zina ugonjwa mwingine: zisipopewa mzigo kwenye volti 5, ile 12 inashuka pale chaja inapoanza kuvuta. Pia usitegemee waya mmoja wa njano. Kusanya kadhaa pamoja.

Za seva zilizotumika zina nguvu nyingi kwa bei ndogo, na feni zake zinapiga kelele kama ndege inayotaka kupaa. Ukizipata, sawa. Ila usiunganishe mbili mfululizo ili upate volti 24 kwa kufuata video ya mtu. Hasi ya kila moja kwa kawaida imeunganishwa na bati lake la nje, na bati hilo limeunganishwa na ethi, yaani waya wa ardhini. Ukiziunga mfululizo bila kujua unachofanya, umepiga shoti moja nzima.

Betri ya gari au ya sola inafaa sana uwanjani, ila ifanyie hesabu. Betri ya 6S 5000 inabeba Wh (wati-saa) 111. Kuijaza kutoka kwenye betri ya volti 12 kunakula kama Ah (ampea-saa) 11. Ukijaza tatu umetoa Ah 33, na kama betri ya gari ni ya Ah 60, andaa watu wa kusukuma. Wenye sola ya volti 24 waangalie jambo moja: saa sita mchana, betri za lithiamu-chuma (LiFePO4) za seli 8 zikiwa zinajazwa, mfumo unafika volti 29.2. Chaja yenye kikomo cha 28 itakataa, au itakufa. Na usiunge chaja moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa haina mzigo inapanda hadi 21 na zaidi, kisha wingu likipita inaporomoka.

Tunabaki na boksi la bati lenye matundu, lile lile linalowasha taa za LED za mabango. Kwa mtu mwenye chaja ya wati 150 hadi 350, hili ndilo chaguo langu.

Hatua ya 4: Kununua boksi la bati bila kupigwa

Mfano mzuri wa kulinganishia ni Mean Well LRS-350-24: volti 24, ampea 14.6, wati 350, uzito wa zaidi kidogo ya robo tatu ya kilo. Si lazima ununue hiyo, lakini ukiujua uzito wake mkono wako utakusaidia dukani.

Niliwahi kuuziwa boksi lililoandikwa "12V 30A". Muuzaji alinihakikishia, "Kaka, hii inawasha ukumbi mzima." Lilikuwa jepesi kama kopo tupu la maziwa. Nyumbani, chaja ilipofika ampea 16 za kuingia, volti zilitoka 12.1 zikateremka hadi 10.4, feni ikalia, chaja ikajizima ikilalamika kwamba chakula hakitoshi. Nilifungua baada ya kuliacha siku mbili: sinki ya joto (bati la kupoozea) nyembamba kama kifuniko cha dagaa wa kopo, na sehemu kadhaa kwenye bodi zenye matundu matupu ambapo vipuri vilitakiwa viwepo. Tangu siku hiyo, boksi lisilo na jina ninalihesabu kwa nusu ya maandishi yake.

Ukiwa dukani, pima uzito kwa mkono. Tazama kama skrubu zina kifuniko cha plastiki. Tafuta kitundu chenye skrubu ndogo ya plastiki iliyoandikwa V ADJ au +V ADJ. Hiyo ni ya kupandisha na kushusha volti, na utaihitaji. Kisha chungulia ubavuni kuna swichi ndogo nyekundu au nyeusi yenye maandishi 115 na 230.

Swichi hiyo nitaitaja kwa herufi zake zote. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, boksi linakufa papo hapo. Langu la kwanza lilikwenda hivyo: mlio kama fataki, mwanga wa bluu ndani ya matundu, halafu ile harufu ya kapasita iliyopasuka ambayo ilikaa chumbani hadi kesho yake. Nilikuwa nimelimiliki kwa dakika arobaini. Tumia bisibisi, sogeza hadi usome 230, na usiamini kwamba dukani walishalisogeza. Yapo maboksi yasiyo na swichi kwa sababu yanakubali kila umeme, LRS-100 ni mojawapo. Hayo hayana tatizo hili.

Hatua ya 5: Kuunga waya

Kwanza jambo la uhai. Ndani ya boksi kuna kapasita inayokaa na volti kama 325 za DC, na inaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa. Usifungue kifuniko kwa udadisi. Kama hujawahi kufunga plagi kwa mkono wako, mlipe fundi umeme afanye upande wa ukutani. Ni kazi ya dakika kumi.

Waya wa ukutani: kata waya wa kompyuta ya mezani. Kahawia unakwenda L, bluu unakwenda N, na ule wa kijani na njano unakwenda kwenye alama ya ethi. Usiache ethi. Boksi lisilo na ethi linatekenya. Ukipitisha mgongo wa kiganja kwenye bati unahisi mtetemo mdogo kama wa ulimi kwenye betri, na siku ambayo kitu kitalegea ndani hautakuwa mtekenyo tena. Pima kwa mita kabla ya kuwasha: kati ya pini ndefu ya plagi na bati la boksi isome karibu na sifuri omu. Kwenye plagi, ng'oa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 5. Kwa boksi la wati 350 inatosha.

Waya za DC ndizo watu wanazidharau. Mtu anaunga kwa waya wa spika. Waya wa milimita 0.75, urefu wa mita moja, kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 15 unapoteza volti 0.7 na unageuka hita ya wati 10. Wa milimita 2.5 unapoteza volti 0.2. Tumia 2.5 au nene zaidi, na ufupi uwe nusu mita kama meza inaruhusu. Bana ncha kwa lagi, vile vichwa vya shaba; usipake risasi kwenye nyuzi kisha ukazikaza kwa skrubu, kwa kuwa risasi inalegea taratibu na baada ya miezi mitatu skrubu inachezacheza. Nyekundu kwenye +V, nyeusi kwenye -V. XT60 ya kike iwe upande wa pawa saplai, pini zake zisiwe wazi.

Weka boksi wapi? Juu ya kigae au ubao mgumu, matundu yasizibwe, kando ya meza na si juu ya godoro. Kwenye chumba cha bati mchana wa Februari joto linaweza kumaliza hesabu zako zote, maana LRS-350 yenyewe huanza kupunguziwa mzigo hewa ikipita nyuzi 50. Na kama unaishi pwani, lifunike likiwa halitumiki. Nimeshatoa mjusi aliyekauka kwenye boksi la jirani, amelala kati ya pini mbili, na boksi limekwenda naye.

Hatua ya 6: Kuwasha mara ya kwanza

Bila chaja, washa ukutani. Mita iwe kwenye DC. Boksi la 24 lisome karibu na 24, la 12 karibu na 12. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, waya zako zimepishana, zima, rekebisha. Kwa boksi la volti 12 ninalizungusha V ADJ taratibu hadi 13.5, ili chaja inapovuta kwa nguvu volti zisiteremke chini ya 11. La 24 ninaliacha lilivyo.

Zima. Chomeka chaja kwenye XT60 ukutani kukiwa kumezimwa, kisha ndiyo uwashe. Ukichomeka chaja kwenye pawa saplai inayowaka utaona cheche na kusikia "tap". Ni kapasita za chaja zinajaa kwa mkupuo, na kila tap inakula dhahabu ya konekta.

Kabla ya kuweka betri, ingia kwenye mipangilio ya chaja. Chaja nyingi za sasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha wati za kuingia na volti za chini kabisa. Kwa boksi la wati 350 weka 280. Kwa adapta ya wati 65 weka 50. Hapo chaja itajibana yenyewe badala ya kuiangusha pawa saplai katikati ya kazi. Na kama ina uwezo wa kutoa chaji ya betri kwa kuirudisha ilikotoka, usiutumie ukiwa kwenye pawa saplai: boksi linajua kutoa tu, halijui kupokea, volti zinapanda hadi kitu kizime. Hiyo ni kwa wanaolisha chaja kwa betri kubwa.

Sasa weka betri, chaji kwa ampea ulizokokotoa, na uwe na mita pembeni. Pima volti kwenye mdomo wa chaja, si kwenye skrubu za boksi. Zikipungua kwa kiasi kisichofika volti moja tangu kulipokuwa hakuna mzigo, sawa. Zikipungua zaidi ya hapo, gusa waya, gusa kila konekta: palipo moto ndipo pana tatizo. Baada ya robo saa gusa tena. Umeme ukikatika usisubiri urudi. Chomoa plagi, kisha uichomeke tena umeme ukisharudi na kutulia.

Feni ya boksi isipozunguka mwanzoni usishtuke, nyingi huwashwa na joto la ndani. Ikikaa kimya mpaka betri inajaa na bati ni la uvuguvugu tu, hesabu zako zilikuwa sahihi.